Faharasa ya Tatu

Mkurugenzi wa tovuti ya matangazo alikuwa na tabasamu moja tu, na alilitumia kwa kila shughuli. Alilitumia kumkaribisha Inspekta, akalitumia kuagiza maji ya kunywa, na akalitumia pia kusema kwamba polisi walikuwa wanajichosha bure. Inspekta alikaa bila kungoja kuambiwa. Kituoni walimwita Mama Kwanini, kwa siri wakidhani hajui, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ghala la magodoro liliungua, mlinzi wake akafia ndani. Dereva wa ghala hilo alikuwa amefukuzwa kazi siku chache kabla, baada ya kurushiana maneno na mwenye mali mbele ya watu, na dumu lake la petroli liliokotwa nyuma ya ukuta. Basi, polisi watake nini zaidi? Walimkamata akiwa anaoga. Leo, saa nane mchana, alikuwa asomewe shtaka la mauaji, na mwendesha mashtaka alikwishasema kwamba hataki tena kuletewa hadithi.

Hadithi aliyoikataa ilitoka kwa mke wa dereva. Mwanamke huyo alisema kwamba kabla ya moto, akiwa anatafuta kiwanja kidogo kwenye simu yake, aliona tangazo lenye picha ya geti analolijua vizuri, geti la buluu lenye nguzo ya transfoma pembeni. Lilikuwa geti la kazini kwa mumewe. Chini yake pameandikwa: kiwanja kitupu, tayari kwa kujenga. Hakumtajia mumewe, kwa sababu bando lilimwishia palepale, naye mwenyewe alicheka tu, akijiambia kwamba madalali wa siku hizi wanabandika picha yoyote. Ghala lilikuwa limesimama, tena limejaa magodoro mpaka darini. Baada ya moto, mume akiwa mahabusu, alilitafuta tena tangazo hilo mchana kutwa na hakuliona.

Sajenti, aliyekuwa amekaa kando ya mlango na kofia magotini, alikuwa na msimamo wake tangu asubuhi. "Mke akitaka kumwokoa mume, afande," alimwambia Inspekta ndani ya gari, "ataona hata malaika."

Inspekta kilichomkera kilikuwa kingine. Mtu anayetunga uongo hutunga unaofaa. Angesema mumewe alilala nyumbani, au angemleta jirani wa kuapa. Kwa nini mama wa watu, mwenye akili zake, atunge kitu cha ajabu namna ile ambacho hakimsaidii hata kidogo bila tangazo lenyewe? Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo, basi kuna mtu kaliondoa.

Mkurugenzi aligeuza skrini ili wote waone. Aliandika maneno ya lile tangazo, moja baada ya jingine, akaongeza jina la mtaa. Vilikuja viwanja vya kila aina, chenye geti la buluu hakikuwamo. Kisha akaichukua picha ya geti iliyopigwa na polisi, akauambia mtambo utafute zinazofanana nayo. Yalikuja mageti, mengine ya kijani, mengine ya kutu, na moja la banda la kuku.

"Faharasa zetu ni mbili, ya maneno na ya picha," alisema. "Nilizijenga kwa mikono yangu, kabla sijapandishwa huku juu. Kitu kisipokuwemo humo, Inspekta, hakikuwahi kuwepo."

Simu yake ikalia. Alitazama jina, akaipokea, akasema haraka, "Shemeji, nina wageni, nitakupigia," akaifunga na kuilaza kifudifudi mezani. Tabasamu lilichelewa kidogo kurudi.

Inspekta alikunywa maji yake yote, akaomba kuonana na fundi anayeshughulikia mitambo. Hapo Mkurugenzi akaanza kuuma na kupuliza. Fundi ni mtu mzuri, alisema, mchapakazi, baba wa watoto, ila siku hizi akili yake haipo kazini. Anajifungia. Anaficha ficha mambo. Yeye kama kiongozi hapendi kumsema mtu vibaya, lakini kama kuna mchezo umechezwa, basi wakaanzie huko chini. Inspekta alimshukuru. Alipokuwa akishuka ngazi alijiuliza kwa nini mtu aliyesema dakika ile ile kwamba tangazo halikuwahi kuwepo alikuwa tayari kumtaja mtu wa kulichezea.

Chumba cha mafundi kilikuwa chini kabisa, kina baridi na vumo la mashine lisilokoma. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye mvi za mapema, aliyevaa sweta juu ya shati. Ofisi nzima ilimwita Ramani, kwa sababu hawezi kumwelekeza mtu hata chooni bila kuchora. Walipoingia alishtuka, akafunga kitu kwenye skrini yake upesi mno.

Sajenti aliona. Inspekta aliona pia.

"Umefunga nini?"

"Kazi tu, afande."

Inspekta aliacha lipite. Mtu mwenye kitu cha kuficha ukimwacha kidogo huanza kukusaidia kwa bidii, na bidii yake ndiyo inayomtoa. Alivuta kiti, akamwambia Ramani amweleze, kama anavyomweleza shangazi yake, mtu akiandika maneno kwenye tovuti ile inakuwaje mpaka akapata jibu.

Ramani alitafuta kalamu mara moja. Watu wengi, alisema, wanadhani kuna kabati moja kubwa na mtambo unapekua tangazo moja moja. Hakuna mtambo wenye subira hiyo. Tangazo likiingia, linavunjwavunjwa, na kila sehemu inaandikwa kwenye faharasa yake, iliyopangwa kwa namna yake. Mtu akiuliza, swali lake halipelekwi mahali pamoja. Linapelekwa kwenye faharasa zote kwa mpigo, kila moja inajibu inachojua, halafu kuna mtambo mwingine unaochambua majibu yote na kuyapanga kabla mtu hajayaona.

"Ni kama unamtafuta mtu mtaani, afande. Fundi cherehani anamjua kwa kiuno. Kinyozi anamjua kwa kichwa. Shangazi anamjua kwa ukoo. Hakuna anayemjua mtu mzima mzima, ila ukiwauliza wote mara moja, unampata kabla chai haijapoa."

Sajenti alicheka peke yake. Inspekta alikuwa akitazama karatasi. Ramani alikuwa amechora visanduku, na kila kisanduku kina mshale wake.

"Hapa umechora vitatu," alisema.

"Ndiyo. Maneno, picha, mahali."

"Mkurugenzi amesema mbili."

Ramani alikuna kidevu. Alisema Mkurugenzi alijenga zile mbili za kwanza, ni kweli, na alizijenga vizuri. Hii ya mahali aliijenga yeye Ramani mwaka huu, mkubwa akiwa ameshahamia juu. Imepangwa kwa ramani ya mji, ili mtu akitaka viwanja vya karibu na alipo, avipate hata kama tangazo halikutaja mtaa. Mkurugenzi aliisaini ripoti yake. Kuisaini aliisaini, alisema Ramani kwa upole, lakini kuisoma ni jambo lingine.

Inspekta alisogeza kiti karibu na skrini. Aliuliza: je, wakati Mkurugenzi alipokuwa akitafuta huko juu, faharasa ya mahali haikuulizwa? Iliulizwa, Ramani alisema, huulizwa kila mara. Lakini ile yenyewe haihifadhi tangazo. Inahifadhi mahali, aina ya kitu, namba ya tangazo na siku liliyoingia, basi. Maneno na picha hutoka kwa wenzake. Ikileta jibu ambalo wenzake hawalijui, mtambo wa kuchambua hulitupa, maana mteja atabofya kitu kisicho na kichwa wala miguu.

"Kwa hiyo linaweza kuwamo na mteja asilione."

"Linaweza."

"Iulize yenyewe. Peke yake."

Alimpa mahali ghala lilipokuwa. Ramani aliandika, akabonyeza, na wote watatu wakainama mbele ya skrini. Ulikuja mstari mmoja tu, mkavu, bila picha, bila neno la kumpendeza mnunuzi. Ulionyesha mahali, na mahali penyewe palikuwa pale pale, ndani ya ukuta wa ghala. Aina: kiwanja kitupu. Siku ya kuingia: wiki moja kabla ya moto.

Sajenti alivua kofia ambayo hata hakuwa ameivaa vizuri. "Mama wa watu," alisema kwa sauti ya chini.

Inspekta alitamani kupumua, lakini alijua kwamba hiyo ni nusu ya safari. Mstari ule ulithibitisha kwamba kuna mtu aliuza majivu kabla ya moto. Wakili yeyote angesema mtambo umekosea. Alitaka aliyeliondoa. Alimwuliza Ramani kwa nini tangazo libaki kwenye faharasa moja na litoweke kwenye mbili.

Ramani aliacha kuchora. Alisema mwenye tangazo akibonyeza pa kufuta, linaondoka kwenye zote tatu kwa mara moja, na mtambo unaandika ni nani kafuta. Hakuna masalia. Masalia kama haya yana maana moja tu, kwamba mtu aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa mafundi, akafungua faharasa moja moja, akaondoa kwa mkono, na hakutaka mtambo uandike jina la mwenye tangazo. Mtu wa nje hawezi.

"Na mlango huo unafunguliwa kwa nywila ya nani?"

Kulikuwa na kumbukumbu ya mlango, orodha ya kila aliyeingia na alichogusa. Ramani aliifungua, akasoma. Alisoma tena, kidole juu ya skrini.

"Ni yangu," alisema. "Asubuhi ya baada ya moto. Maneno, halafu picha. Afande, mimi sijafanya hivi."

Sajenti alikwishasimama, akaziba mlango kwa mwili wake, na mwili wa Sajenti ulikuwa unatosha mlango. Kila kitu kilimwangukia Ramani: nywila yake, kazi yake, ile skrini aliyoifunga, na maneno matamu ya mkubwa wake. Inspekta alimtazama muda mrefu. Alikuwa amewahi kuona wauaji wakilia na wasio na hatia wakicheka, kwa hiyo uso haukumwambia kitu.

"Fungua ulichofunga tulipoingia."

Ramani alisita. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alifungua, na kwenye skrini ikatokea barua ya kuomba kazi kwa kampuni nyingine, imeandikwa nusu, imekwama kwenye sentensi inayosema yeye ni mtu mwaminifu kwa mwajiri wake. Sajenti alikohoa ili asicheke.

Inspekta hakucheka. Alikuwa akitazama tena kile kikaratasi chenye visanduku, hasa cha mwisho, kile Ramani alichokichora kwa uangalifu kuliko vingine. Alifikiri kidogo, akakikunja na kukitia mfukoni.

"Keti, Sajenti," alisema. "Na wewe, baba, niambie. Ungetaka kufuta tangazo hili kwa mkono, ungeanzia wapi?"

"Kwangu," Ramani alijibu bila kufikiri. "Kwenye ya mahali. Naifungua kila asubuhi."

"Nilidhani hivyo. Mtu hasahau chumba alichokijenga mwenyewe. Aliyefuta alisafisha nyumba anayoijua yeye, ya vyumba viwili, akajaribu kutafuta kama mteja, akaona hakuna kitu, akaenda zake. Nani mwingine amewahi kuwa na nywila yako?"

Hakuna, Ramani alisema, hakuna kabisa. Kisha Inspekta akaona jambo likimjia taratibu. Mwezi uliopita Mkurugenzi alikuwa na wageni. Nywila yake mwenyewe ya mlango wa nyuma ilikuwa imekwisha muda. Akamwita Ramani apande, amfungulie kwenye kompyuta ya mezani kwake, awaonyeshe wageni mitambo. Ramani akafungua, akashuka. Mkubwa akikuambia fungua, unafungua; hukai hapo kumwambia sasa funga.

"Twende juu sote," alisema Inspekta. "Usiseme neno mpaka nikuulize."

Mkurugenzi alisimama walipoingia. Tabasamu lilikuwepo, limepangwa vizuri. Inspekta alimwambia kwamba mafundi wamepata masalia ya tangazo, na kwamba inaelekea mtu wa ndani alilichezea. Hakusema zaidi ya hapo.

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa majonzi. Alimtazama Ramani kama baba anayemtazama mtoto mwizi. "Nilikuambia, Inspekta. Inaniuma, lakini ukifungua kumbukumbu utaona nywila iliyoingia kwenye ya maneno na ya picha ni ya nani."

"Umeifungua kumbukumbu hiyo leo?"

"Hapana. Nasema tu ukifungua."

"Sijakwambia kwamba aliingia kwa mkono. Wala sijakwambia aliingia kwenye zipi."

"Ni hizo mbili tu. Zipo mbili."

"Zipo tatu," alisema Inspekta.

Ramani alikuwa ametazama chini muda wote huo. Sasa aliinua kichwa. Mkurugenzi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulibaki mtupu. Unaweza kuona mtu anapokumbuka ripoti aliyoisaini bila kuisoma. Inspekta aliona.

Hakumpa nafasi. Alizunguka meza, akamwomba Mkurugenzi asogee kidogo, akamwambia Ramani afungue ukurasa wa mlango wa nyuma kwenye kompyuta ile ile ya mkubwa. Ramani alibofya. Ukurasa ukafunguka, na pale panapoandikwa jina la anayeingia, kabla mtu hajagusa hata herufi moja, mtambo ukajaza wenyewe jina ulilolizoea. Lilikuwa jina la Ramani.

"Fundi wako huja kukaa kwenye kiti chako?" aliuliza Inspekta.

Simu ya Mkurugenzi, iliyokuwa bado imelala kifudifudi, ilianza kutetemeka juu ya meza. Inspekta aliigeuza kwa kidole kimoja. Jina lililoandikwa halikuwa jina, lilikuwa uhusiano tu: Shemeji.

"Shemeji yako anauza magodoro?"

"Ameoa dada yangu," alisema Mkurugenzi. Aliketi, polepole, kwenye kiti cha wageni. Maneno yalimtoka mengi kwa pamoja. Shemeji alitaka bima ya ghala, kisha auze kiwanja, alisema. Dalali alikuwa na kiherehere, aliambiwa ajiandae, yeye akatangaza. Shemeji alipogundua, moto ulikuwa umeshawaka. Dalali angefuta mwenyewe, jina lake lingebaki. Ikabidi aombwe yeye, ndugu wa nyumbani, na dada yake akiwa analia kwenye simu. Angefanyaje? Alimtazama Inspekta kama mtu anayeomba kueleweka. "Aliniapia hakutakuwa na mtu mle ndani. Alisema mlinzi atapewa ruhusa siku ile."

Sajenti ndiye aliyeelewa wa kwanza, akatoa pingu.

"Atapewa," alisema Inspekta. "Kwa hiyo ulijua kabla."

Mkurugenzi alitafuta tabasamu lake, halikuja.

Inspekta alitoka kwenye korido, akampigia mwendesha mashtaka. Huyo alianza kusema kwamba hataki hadithi, akakatishwa, akasikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, akakubali shtaka lisisomwe. Saa nane ilikuwa bado haijafika. Kisha Inspekta akaitafuta namba ya mke wa dereva na kusimama nayo kidogo kabla ya kupiga. Habari njema zilikuwa adimu kazini kwake, hata hakuzizoea.

Mwanamke alipokea mara moja. Inspekta alimweleza kwa ufupi kwamba tangazo limepatikana, siku yake imeonekana, na aliyelificha amekamatwa. Upande wa pili palikuwa na sauti ya maji yakimwagika kwenye ndoo, kisha bomba likafungwa.

"Kwa hiyo sikuota," alisema mwanamke.

"Hukuota, mama."

"Basi naomba umwambie yeye kwa mdomo wako." Sauti ilianza kumkatika. "Juzi nilipompelekea nguo alinishika mkono, akaniambia, mke wangu, asante kwa kunitungia."

Inspekta alikata simu, akashuka ngazi akimtangulia Sajenti na mtu wake. Alipofika kwenye gari alisema wapitie mahabusu kwanza.